Siku sita za Bulabo: makumbusho kwanza, ngoma baadaye

Bulabo ni neno la Kisukuma, maana yake maua. Ndilo jina la sikukuu inayofanyika kila mwaka Bujora, Kisesa, wilaya ya Magu, kilomita kama 20 mashariki ya jiji la Mwanza, katika kituo kilekile chenye Makumbusho ya Wasukuma. Wageni wengi hufika siku ya ngoma tu, husimama nyuma ya umati kwa saa mbili tatu, kisha hurudi mjini na picha zilizojaa vumbi. Simulizi hii, iliyopangwa upya kutoka kwenye daftari, picha na risiti baada ya kurudi nyumbani, inafuata mpango mwingine: kufika mapema, kuyapitia makumbusho kabla ya watu kujaa, halafu ndipo kwenda uwanjani. Karibu kila kitu kinachorushwa, kinachopigwa au kubebwa uwanjani kina mwenzake ndani ya makumbusho, na ukishamwona mwenzake ngoma unaiangalia kwa macho mengine.

Kwanza tarehe, maana hapo ndipo wengi hukosea. Bulabo haina tarehe moja. Inafuata sikukuu ya Kikatoliki ya Mwili na Damu ya Kristo, nayo inafuata Pasaka. Chukua Jumapili ya Pasaka, hesabu wiki tisa kamili mbele, utaangukia Jumapili ya Ekaristi. Mara nyingi ni Juni. Pasaka ikiwahi sana inaweza kurudi hadi mwisho wa Mei. Ratiba ya ngoma zenyewe hupangwa na kamati, hivyo piga simu kituoni au uliza parokia kabla hujakata tiketi.

Siku ya 1, Alhamisi: Dar es Salaam hadi Mwanza

Basi liliondoka Stendi ya Magufuli, Mbezi, saa 12 asubuhi. Nauli ya daraja la kawaida ilikuwa elfu hamsini na kitu. Daraja la kati hupita 70,000. Hadi Dodoma hakuna cha kuandika zaidi ya foleni ya mizani.

Asiyetaka kukaa kwenye kiti cha basi zaidi ya kilomita 1,100 kwa mkupuo mmoja anaweza kuigawa safari. Treni ya umeme ya SGR inabeba abiria kati ya Dar na Dodoma tangu katikati ya mwaka 2024, daraja la kawaida 31,000, nayo hutumia chini ya nusu ya muda wa basi. Lala Dodoma, kesho yake panda basi la Mwanza. Jumla ya nauli inazidi kidogo, ila mgongo unafika mzima. Tahadhari moja: wiki ya sikukuu mabasi yanayopita Dodoma hufika yamejaa tayari, kwa hiyo kata tiketi ya kipande cha pili kabla hujapanda treni.

Singida basi lilisimama dakika 20. Hapa agiza kuku wa kienyeji, na utaje mapema kama unataka wa kukaanga au wa mchuzi, kwa sababu dakika 20 hazitoshi kubadilisha mawazo. Baada ya hapo njia inateremka mlima Sekenke, kona juu ya kona, mpaka unapofunguka uwanda wa Wembere, tambarare isiyo na mwisho machoni. Ni sehemu nzuri kuliko zote za barabara hii. Ukikaa upande wa dirisha uone, usilale.

Igunga, Nzega, Tinde, Shinyanga. Giza lilishaingia. Kati ya Nzega na Tinde tairi la nyuma lilipata pancha, likatugharimu saa moja na dakika kumi. Abiria mmoja mama, aliyekuwa na ndoo ya viazi vitamu vya kuchemsha alivyovifunga kwa ajili ya watoto wake, aliipitisha ndoo kiti kwa kiti mpaka ikaisha. Alipoulizwa bei alisema njaa ya njiani haiuzwi.

Nyegezi, stendi ya mabasi ya kusini mwa jiji, tulifika saa 6:40 usiku. Gesti karibu na stendi, chumba chenye choo ndani, 25,000. Saa hizo usianze kutafuta usafiri wa kuvuka jiji. Lala hapohapo.

Siku ya 2, Ijumaa: Nyegezi hadi Kisesa

Kisesa iko upande wa pili wa jiji, kwenye barabara kuu ya Musoma. Daladala mbili zinatosha: moja ya kuingia mjini, nyingine inayopita Buzuruga na Igoma hadi Kisesa, nauli ya kipande hiki 800. Makondakta hutaja mwisho wa gari tu. Ukisikia "Igoma" uliza kama gari linaendelea, maana mengine hugeuzia hapo na utalipa nauli mara mbili.

Njia nzima ni mawe. Mawe makubwa ya matale yamepandana juu ya vilima kana kwamba kuna mtu aliyapanga, na nyumba zimejibana katikati yake. Jiji linaishia taratibu, mawe yanabaki.

Kisesa ni mji mdogo wa barabarani, wenye soko ambalo linastahili saa nzima. Hapo ndipo pa kununua akiba ya siku za uwanjani. Michembe na matobolwa vyote ni viazi vitamu vilivyokaushwa, na mgeni huvichanganya. Michembe ni viazi vibichi vilivyomenywa, vikakatwa vipande vyembamba na kuanikwa juani. Haviliwi hivihivi, hupikwa baadaye, na vikiungwa kwa karanga ni chakula kizito cha kushinda. Matobolwa huchemshwa kwanza, ndipo vikakatwa na kukaushwa. Hivyo hutafunwa vikavu au huchovywa kwenye chai. Kwa uwanjani beba matobolwa. Havichachi, havivuji, havihitaji kisu. Kopo moja la lita lilikuwa 1,500. Chagua vyenye rangi ya asali iliyokolea. Vyenye madoa ya kijivujivu viliingiwa na unyevu kabla ya kukauka, ndani vina ukungu.

Kisesa hii ndiyo ilikofanyika tamasha la machifu tarehe 8 Septemba 2021, ambapo Rais Samia Suluhu Hassan alisimikwa na kupewa jina la Hangaya, nyota ing'aayo. Mambo ya jadi hapa yana wenyewe na yana uzito, na mgeni anapokelewa vizuri zaidi akianza na salamu. Asubuhi ni "mwangaluka", na jibu lake ni lilelile. Mchana hadi jioni ni "mwadila". Kwa mama ongeza "mayu", kwa mwanamume mtu mzima ongeza "baba". Kushukuru ni "wabeja". Maneno hayo matano yalitupunguzia bei ya ndizi mara mbili, na mara moja yalitupatia kigoda cha kukalia.

Kutoka barabarani kupanda Bujora bodaboda ni 1,000. Kwa miguu inapandika bila shida kama mzigo ni mwepesi. Kituo kina mabanda ya kulala wageni na eneo la kupiga hema, lakini wiki ya Bulabo nafasi hushikwa mapema na vikundi vya ngoma na wageni wa parokia. Gesti za Kisesa ni kati ya 15,000 na 25,000. Kabla hujalipa fungua bomba, kwa kuwa maji ndiyo yanayokatika kwanza mji ukijaa.

Siku ya 3, Jumamosi: ndani ya makumbusho

Hii ndiyo siku ya kuitumia vizuri. Fika saa 3 asubuhi. Lipa kiingilio ofisini, omba risiti, na uombe mwongozaji. Usizunguke peke yako: vitu vingi hapa maana yake haisomeki kwenye kibao, inasimuliwa. Mpe mwongozaji chake kando, 10,000 kwa kundi la watu wawili watatu si kubwa kwa saa mbili na nusu za maelezo.

Makumbusho yalijengwa na padri David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, pamoja na Wasukuma aliofanya nao utafiti tangu miaka ya 1950, na yakafunguliwa 1968. Hayako ndani ya jengo moja. Ni majengo kadhaa yaliyotawanyika kilimani katikati ya miti na mawe, na unatembea kutoka moja hadi jingine. Vaa viatu vinavyoshika. Changarawe juu ya jiwe huteleza kuliko matope.

Anza na boma la Kisukuma. Nyumba ni ya mviringo, paa la nyasi limeshuka chini kiasi kwamba mtu mzima anainama kuingia. Piga magoti mbele ya jiwe la kusagia uone lilivyolika katikati: mkono mmoja kwa mwingine, kizazi baada ya kizazi, jiwe limekuwa bakuli. Ghala la nafaka limeinuliwa kutoka ardhini kwa sababu mbili, mchwa na unyevu, na hapo mwongozaji mzuri atakueleza kwa nini ngoma za Wasukuma zina msimu. Pamba na nafaka zikishatoka shambani, ghala limejaa, jua ni kali na njia ni kavu, ndipo mbina huanza, yaani mashindano ya ngoma. Kabla ya hapo hakuna mwenye nafasi wala nguvu.

Kisha nenda kwa wahunzi, Balongo. Angalia mivukuto. Viriba viwili vya ngozi vimeungana kwenye mrija mmoja wa udongo, na mfukutaji huvibana kwa zamu, kimoja kikipanda kingine kikishuka, ili upepo usikatike hata kidogo. Pumzi ikikatika moto unashuka na chuma kinakuwa kigumu kabla hakijakubali nyundo. Halafu tazama jembe kwa karibu. Limefuliwa likiwa na msumari mrefu nyuma, na msumari huo ndio unaopenya kwenye kichwa cha mpini. Kila unapolima, pigo linaukaza zaidi. Likumbuke jembe hili, maana Jumatatu litaruka hewani.

Nyumba ya mganga tuliipita bila kupiga picha. Humo mna vifaa vya tiba na vya kupigia ramli. Mfumu wa Kisukuma hutazama ndani ya kuku aliyepasuliwa na kusoma kilichomleta mgonjwa. Katika kundi unaloongozana nalo huenda yumo mtu ambaye kwake hivi si vitu vya kale. Uliza kabla ya kuinua simu, na ukikataliwa iweke mfukoni.

Jengo la watemi limejengwa kwa umbo la isumbi, kiti cha enzi. Watu huliangalia kutoka mbali kwanza, na ni vema, kwa sababu ukishaingia ndani huwezi tena kuliona umbo. Ndani ziko ngoma za kitemi zilizotoka tawala mbalimbali za Usukuma. Utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963, na vitu ambavyo zamani vingekaa ikulu ya mtemi vikahitaji mahali pa kukaa. Mtemi, kwa maelezo ya wengi, ni mtu wa kutema: kutema msitu, na pia kukata shauri. Zamani utemi haukwenda kwa mtoto wa mtemi, ulikwenda kwa mtoto wa dada yake, kwa hoja kwamba damu ya upande wa mama haina shaka. Na mtemi bila ngoma hakuwa mtemi. Zililia aliposimikwa, zililia alipokufa. Gusa kwa macho tu: mafuta ya vidole huliacha doa kwenye ngozi kavu, na wadudu wa ngozi huanzia pale penye doa.

Banda la vyama vya ngoma lifanye la mwisho na ulipe muda mrefu kuliko mengine. Wachezaji wote wa jadi wa Usukuma wamegawanyika pande mbili, Bagika na Bagalu. Asili yake ni watu wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, wote wawili mafundi wa ngoma na wa dawa, waliobishana nani ana nguvu zaidi. Wakakubaliana kupima: wacheze siku moja, saa moja, mahali pamoja, kila mmoja upande wake, na watu wachague wenyewe. Aliyezungukwa na umati mkubwa ndiye mshindi. Kanuni hiyo ndiyo inayoendesha mashindano hadi leo, na ndiyo jambo moja ambalo ukilijua Jumamosi litakusaidia wiki nzima: uwanjani hakuna mtazamaji tu. Mahali unaposimama ni kura.

Chakula cha mchana siku hiyo kilikuwa chini barabarani, ugali na sato wa kukaanga, 6,000, na nsansa pembeni, mboga ya majani ya kunde yaliyokaushwa. Ukiona kibanda kinapika nsansa kwa karanga, usiulize bei, kaa.

Siku ya 4, Jumapili: misa na maua

Kanisa la Bujora ni sehemu ya makumbusho kuliko vibao vinavyoonyesha. Limejengwa la mviringo kwa mfano wa nyumba ya mtemi, na ngoma za Kisukuma hupigwa ndani ya misa yenyewe, si baada yake. Ukitaka nafasi ya kukaa, fika saa nzima kabla. Tulifika dakika 30 kabla, tukasimama nje dirishani.

Baada ya misa ni maandamano ya Ekaristi, na hapo jina la sikukuu linajieleza: watoto wanatangulia wakimwaga petali za maua njiani. Wanaoandamana ni waumini wakisali. Anayetaka picha akae pembeni, asiwakatize mbele, na avue kofia Ekaristi inapopita. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi kwenye jiwe alitusogezea nafasi kivulini akatuonyesha kwa fimbo njia maandamano yatakapogeukia, nasi tukaona yote bila kusogea hata hatua.

Mchana vikundi vilianza kuingia, malori na mabasi madogo, ngoma zimefungwa juu. Mitandao ya simu ilianza kulemewa kuanzia saa 8. Mawakala wa pesa walio karibu na uwanja waliishiwa salio kabla ya saa 11. Toa pesa Ijumaa, na utoe noti ndogo: 500, 1,000, 2,000. Muuza maji hana chenji ya 10,000, na hana pa kuipata.

Siku ya 5, Jumatatu: uwanjani

Nenda mapema kuliko unavyodhani inafaa. Si kwa ajili ya nafasi, ni kwa ajili ya moto.

Saa 2 asubuhi umande haujakauka, na ngozi ya ngoma iliyolala nje imelegea. Ukiipiga inatoa sauti ya gunia. Kila kikundi huwasha kamoto ka nyasi na vijiti, ngoma zikalazwa kwa ubavu, uso ukielekezwa kwenye joto. Fundi anazizungusha taratibu, kila baada ya muda anagonga kwa kidole katikati, kisha ukingoni, akisikiliza. Mwanzoni sauti mbili hizo zinatofautiana sana. Ngozi ikikaza zinakaribiana, na ghafla ngoma inaitika, unaisikia kifuani kabla ya masikioni. Hapo anaiondoa haraka. Ikizidi kukaa motoni, ngozi hupasuka ukingoni ilikofungwa, na ngoma hiyo siku hiyo imekwisha. Tuliona moja ikipasuka. Mwenyewe hakusema neno. Aliigeuza, akaifunika kwa kitenge, akaenda kusaidia nyingine. Mchana jua linachukua kazi ya moto, jioni moto unarudi.

Wakati huohuo vijana wa ngoma ya Bugobogobo walikuwa na ndoo ya maji, wamelowesha vichwa vya mipini ya majembe. Msimu huu wa ukavu mti hunywea, na msumari uliokazwa jana leo unacheza. Mti ukinywa maji unavimba na kulishika jembe. Jembe linalorushwa juu ya vichwa vya watu lazima lishikwe.

Bugobogobo ni ngoma ya shamba. Zamani watu walilimiana kwa zamu, na wapiga ngoma waliwafuata shambani kuupa mkono mapigo. Uwanjani majembe yanapanda pamoja, yanashuka pamoja, yanazungushwa, yanarushwa na kudakwa bila mapigo kukatika. Ukiwa umepita kwa Balongo Jumamosi, unajua uzito wa kile kinachozunguka pale juu. Simama hatua kumi au zaidi kutoka mstari wa wachezaji, na usimame ubavuni. Jembe likichomoka huelekea mbele au nyuma.

Bayeye hucheza na nyoka, hasa chatu. Chama chao ni cha kutibu walioumwa na nyoka, na ngoma ni sehemu ndogo tu ya kazi hiyo. Chatu hana sumu, lakini si kila nyoka wa Bayeye ni chatu. Wakikuambia rudi, rudi papohapo. Mtoto mbebe mabegani, asikae mstari wa mbele: umati ukirudi nyuma kwa hofu, hurudi wote kwa mara moja, na walio wafupi ndio wanaoumia. Banunguli asili yao ni wawindaji wa nungunungu, mnyama anayemaliza mihogo na karanga usiku. Waliingia shimoni kwa tumbo kumfuata, na mizunguko yao ya kutambaa na kujikunja uwanjani ni ya mtu aliye kwenye shimo jembamba.

Sasa jambo la kura. Vikundi viwili, kimoja cha Bagika na kingine cha Bagalu, vinacheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake. Ningi, manju anayetunga na kuongoza nyimbo, haangalii wachezaji wake peke yao. Anaangalia mgongo wa umati wa wapinzani wake. Akiona watu wanaanza kugeuka anabadilisha wimbo, anatoa kituko, anatoa jina la mtu maarufu wa kijiji fulani, na watu wanakimbia. Kukimbia kwenyewe, mamia ya watu wakivuka uwanja, ndiyo alama inayohesabiwa. Hivyo usivuke ovyo kutafuta picha. Ukitaka kuviona vyote, chagua kikundi, kaa nacho mpaka wimbo uishe, ndipo uvuke. Na ukivuka, vuka kwa kupita nje ya umati. Kijana mmoja aliyetukuta tunasitasita katikati alitushika mkono akatuuliza kwa upole, "Ninyi ni wa wapi?" Hakumaanisha mkoa.

Ya kiufundi kwa wenye kamera na simu: mwezi Juni jua la Mwanza saa za mchana linaegemea kaskazini, kwa hiyo simama upande wa kaskazini wa uwanja, jua likiwa mgongoni, nyuso za wachezaji zitatoka. Baada ya saa 9 hamia magharibi. Jua linazama karibu saa 1 kasorobo usiku, na mwanga bora, vumbi likiwa la dhahabu, ni saa nzima kabla ya hapo. Kurekodi sauti, sogea mbali na ngoma kubwa; karibu sana simu hurekodi mkwaruzo tu. Funika lenzi unapopumzika. Beba kitambaa cha pua, maji lita mbili kwa kila mtu, na karatasi ya chooni.

Daladala za kurudi mjini huanza kuwa haba giza likiingia, na bodaboda hupandisha bei mara mbili hadi tatu. Aliyelala Kisesa hana haraka, na hiyo ni faida kubwa, kwa sababu baada ya vumbi kutulia wazee hukaa chini na kuimba wigashe, wimbo wa kukaa, usiohitaji uwanja wala mashindano. Wachezaji wa pande zote mbili walikuwa wamechanganyika hapo, wakila kutoka sinia moja.

Siku ya 6, Jumanne: kurudi

Kabla ya kushuka Kisesa, rudi makumbusho kwa nusu saa kama bado wanapokea wageni. Kiingilio kililipwa upya, na hakikujutiwa. Katika banda la vyama vya ngoma, kundi la wanafunzi waliokuwa wakipiga kelele Jumamosi lilikuwa limerudi na sare zilezile. Mmoja wao alikuwa anawaonyesha wenzake jembe ukutani, akieleza habari za msumari na maji.

Daladala hadi mjini 800. Basi la Dar liliondoka Nyegezi kesho yake saa 11 alfajiri, kwa hiyo usiku wa mwisho unalala tena karibu na stendi. Gharama ya siku sita, nauli zote, malazi ya gesti, chakula, viingilio na mwongozaji, ilikuja kama 330,000 kwa mtu mmoja, bila kuhesabu makopo manne ya matobolwa yaliyopakiwa chini ya kiti.

Mama wa kibanda cha sato alitufungia makopo mengine mawili kwenye gazeti. "Mtarudi Bulabo," alisema, "ila mwakani mje mkiwa mmeshaamua, Bagika au Bagalu."